Sindano ya testosteroni: karatasi ya labo inasema nini?

Baba wa miaka 45 anatoka labo saa tisa ya mchana, karatasi mkononi. Imeandikwa testosteroni 2,1, na pembeni kwamba kawaida inaanzia 3. Siku nyingi anajisikia mchovu, hamu ya ndoa imepungua. Anapita farmasi moja kwa moja, anauliza sindano. Hapo ndipo makosa mingi yanaanzia, juu karatasi ile haijasema bado kama yeye ni mgonjwa.

Testosteroni inapanda asubuhi na kushuka mchana. Kwa kijana inaweza kupungua karibu robo nzima kufikia jioni, na chakula pia kinaishusha. Ndiyo maana damu inapashwa kutolewa kati ya saa moja na saa nne za asubuhi, mbele ya kula, na egzame irudiliwe siku ingine. Mtu mwenye malaria au homa kali angoje apone kwanza. Anayemeza tramadol kila siku amwambie munganga, maana dawa za aina hiyo zinashusha testosteroni zenyewe.

Halafu kuna kipimo. Labo moja inaandika 2,1 ng/ml, ingine 210 ng/dl, ingine 7,3 nmol/l. Ni damu ile ile! Wengi wanashtuka ao kufurahi bure kwa kulinganisha karatasi mbili bila kusoma herufi ndogo zile.

Kama matokeo mawili ya asubuhi yako chini, munganga anaongeza egzame ya LH na FSH. Hizo ni homoni ambazo tezi ndogo chini ya ubongo inatuma ili korodani zifanye kazi. Zikiwa juu, shida iko kwenye korodani, pengine kwa sababu ya machubwichubwi ao ajali ya zamani. Zikiwa chini, shida inatafutwa kichwani. Lakini inapashwa kufanyika mbele ya sindano ya kwanza. Nyuma yake, jibu linaharibika.

Sababu ni hii: testosteroni ikitoka inje, tezi ile inaona imetosha, inaacha kutuma amri. Korodani zinalala, zinaweza hata kupungua ukubwa, na mbegu za kiume zinapungua, mara nyingine mpaka sifuri. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilijaribu sindano ya miligramu 200 kila juma kama njia ya kuzuia mimba. Kwa hiyo mwanaume anayetafuta mtoto na anachomwa sindano "ya nguvu" anafunga mlango anaotaka kufungua. Nyumbani hamu imerudi, kila kitu kinaonekana sawa, na familia inaanza kumuangalia bibi. Akiacha sindano, mara nyingi mbegu zinarudi nyuma ya miezi kazaa, lakini wengine wanapitisha mwaka.

Yule ambaye kweli anahitaji dawa, egzame haziishi. Kwa sindano ya enanthate ya kila juma mbili, testosteroni inapanda sana siku za kwanza, kisha inateremka. Ndiyo maana inapimwa katikati, karibu siku ya saba. Sindano ya undecanoate, ile ya miezi karibu mitatu, inapimwa mbele kidogo ya kuchoma ingine. Bila tarehe ya sindano ya mwisho, namba ya labo haina maana.

Hatari ambayo mwili hausemi mapema ni damu kuwa nzito. Testosteroni inaongeza chembe nyekundu. Egzame yake ni hematokriti, kitu cha bei ndogo kuliko homoni: inafanyika mbele ya kuanza, kisha kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha kila mwaka. Ikipita 54 kwa mia, sindano zinasimamishwa mpaka ishuke. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, ao pumzi kukata ghafula, ni wa kukimbizwa hospitali siku ile ile, juu damu inaweza kuwa imeganda.

Chunusi, matiti kuvimba, kukoroma sana na pumzi kusimama usingizini pia vinaelezwa kwa munganga. Waliopita miaka 40 wanaangaliwa prostati kwa egzame ya PSA. Na anayetumia dawa ya kupakaa kwenye ngozi anawe mikono na kufunika mahali pale mbele ya kubeba mtoto, juu dawa ile inahama kwa kugusana.