Sura ya Tatu: Kumfundisha Kijana Kuusoma Mwanga

Mwalimu anayepokea wanafunzi wa miaka 12 hadi 15 katika somo la upigaji picha hukuta kwamba wengi wao wamekwisha kupiga picha nyingi kwa simu za wazazi au ndugu zao, lakini ni wachache mno wanaoweza kueleza kwa nini picha moja imetoka vizuri na nyingine, iliyopigwa mahali palepale, imetoka giza. Simu ya siku hizi huamua karibu kila jambo yenyewe: hupima mwanga, hulenga, huchagua kasi, na hata huirekebisha picha kabla mpigaji hajaiona. Kumwanzishia kijana masomo kwa vitufe na menyu ni kumwongezea majina ya mambo asiyoyaelewa. Kinachomfaa kwanza ni kuuona mwanga wenyewe, unakotoka na unavyoanguka, na kamera ifuate baadaye.

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kamera iliyoitwa Brownie, kisanduku cha kadibodi kilichouzwa kwa dola 1 na kutangazwa waziwazi kwa watoto. Kwa kuwa hakikuwa na mengi ya kurekebisha, mtoto alibakiwa na maamuzi machache tu: asimame wapi, jua likae upande gani, na abonyeze lini. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza kupiga picha akiwa mwanafunzi kwa kamera ya ukoo huo, na ndiye aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984. Maamuzi hayo matatu ndiyo yanayopaswa kuja mwanzo hata leo.

Zoezi la kwanza halihitaji kamera. Chumba chenye dirisha linalotazama uwanja wenye jua huzibwa kwa kaniki au plastiki nyeusi hadi kiwe giza totoro, kisha tundu la upana wa sentimita 1 hivi hutobolewa katika kizibo cha dirisha. Macho yakishazoea giza, shuka jeupe lililotundikwa mbele ya tundu huanza kuonyesha uwanja wa nje: anga iko chini, mwembe umeota kuelekea chini, na mwanafunzi aliyetumwa kukimbia huko nje anapita miguu juu, shati lake likiwa na rangi yake halisi. Maelezo yake ni kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ule unaotoka kileleni mwa mti hupenya tunduni na kutua chini ya shuka, jambo ambalo Ibn al-Haytham, mwanachuoni mzaliwa wa Basra, alilichunguza karibu miaka 1,000 iliyopita kwa taa na chumba cha giza. Mwalimu akilipanua tundu, picha hung'aa zaidi lakini kingo zake hufifia. Akilibana, kingo hukaza na picha ikaingia giza. Vijana wanaolishuhudia hilo hawahitaji kuambiwa mara ya pili kwamba kila kinachopatikana katika upigaji picha hulipiwa kwa kingine.

Tundu la lenzi hupimwa kwa namba ya f, nayo huwachanganya wanafunzi kwa sababu namba kubwa huonyesha tundu dogo. Utata huo huondoka inapoelezwa kwamba namba hiyo ni kigawanyo: lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 50 ikiwekwa f/2 ina tundu la milimita 25, na ikiwekwa f/16 hubakiwa na milimita 3 na ushei. Pamoja na tundu huenda kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuifikia filamu au kihisi, na ISO, yaani kipimo cha wepesi wa filamu au kihisi kuitikia mwanga huo. Katika simu nyingi tundu halibadiliki, hivyo mazoezi ya simu yajikite katika kasi: rafiki anayeruka kamba hupigwa kwa 1/500 ya sekunde akaganda hewani, kisha kwa 1/15, rangi za nguo zake zikavutika hewani.

Sehemu inayostahili muda mrefu kuliko zote ni kipima mwanga. Chombo hiki hakijui kilichoko mbele yake. Hukadiria kwamba mandhari yote, ikichanganywa, ni kijivu cha wastani kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Wanafunzi wenye ngozi nyeusi wakipangwa mbele ya ukuta wa chokaa, wamevaa mashati meupe ya shule, kamera huona weupe mwingi, huhukumu kwamba mwanga umezidi, huupunguza, na nyuso zikatoka bila macho. Kijana asiyeelezwa huamini kwamba kasoro iko usoni mwake, ilhali iko katika hesabu ya mashine, na dhana hiyo ni wajibu wa mwalimu kuiondoa mapema. Tena tatizo hili lina historia yake, kwani kwa miongo kadhaa maabara za filamu za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke Mzungu. Mwanafunzi apigwe mbele ya ukuta mweupe, kisha mbele ya mlango wa mbao nyeusi, saa ileile na kivulini palepale, ili darasa lione uso uleule ukibadilika. Ndipo wafundishwe kuugusa uso kwenye kioo cha simu na kutelezesha alama ya jua kuelekea juu hadi ngozi ionekane kwa rangi yake, hata ukuta ukipauka.

Karibu na ikweta, jua la saa sita mchana husimama karibu na utosi na kutia vivuli vizito machoni na chini ya pua, nalo jioni huzama upesi, hivyo muda wa mwanga laini ni mfupi. Baraza yenye paa, inayotazama anga wazi, huukopesha mwanga huo wakati wowote wa mchana.

Wingi wa picha nao una madhara yake. Vijana wa Mathare, Nairobi, waliopewa kamera za plastiki za bei nafuu mwaka 1997 katika mradi wa Shootback, ulioanzishwa na mpigapicha Lana Wong, walitumia filamu, ambayo huisha. Picha zao na maandishi yao vikawa kitabu. Mwalimu wa zama za simu hana budi kuuweka ukomo huo kwa makusudi, mathalani picha 12 kwa juma, kila moja ikiandikiwa saa, upande ulikotoka mwanga, na sababu ya kubonyeza wakati ule. Apigwaye aombwe ruhusa kwanza, hasa mama wa sokoni na mzee wa barazani ambao kijana huona vigumu kuwakabili, aonyeshwe picha, na akisema haitaki ifutwe mbele yake, na nafasi yake katika zile 12 isirudishwe.