Kiolesura Bora Hujengwa na Timu Inayosikiliza

Kiolesura ni sehemu ya mashine au programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa anapotaka kufanyiwa kazi: skrini, vitufe, menyu, maneno ya maelekezo, na hata ujumbe unaotokea mambo yanapokwenda kombo. Anayekisanifu hupamba skrini, lakini kazi yake kubwa ni kuamua mtu aulizwe nini, kwa maneno gani na kwa mpangilio upi, kisha aelezwe nini baada ya kujibu. Wengi hudhani kwamba mchoraji mmoja mwenye kipaji anatosha kwa kazi hiyo. Historia ya M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu ambayo mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki huitumia, inaonyesha vinginevyo.

Wazo la M-Pesa lilianzia katika kampuni ya Vodafone ya Uingereza, ambako Nick Hughes alipata ruzuku ya serikali ya nchi hiyo, na mwenzake Susie Lonie akaja Kenya kuuendesha mradi huo pamoja na kampuni ya simu ya Safaricom. Lengo la mwanzo lilikuwa kuwawezesha wateja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Majaribio yalianza Oktoba 2005, yakihusisha wateja wapatao 500 wa Nairobi na Thika, na haukupita muda mrefu kabla ya kubainika kwamba watu hao waliitumia huduma kwa njia ambazo hawakuelekezwa: walilipana katika biashara zao, waliweka fedha humo kabla ya safari ili wasitembee na taslimu, na waliwatumia jamaa zao waliokuwa mbali muda wa maongezi walioununua kwa huduma hiyo. Upande wa mikopo, kinyume chake, uliongeza ugumu katika hesabu za taasisi. Timu iliyafuatilia mambo hayo kwa makini, ikauweka kando mpango wa mikopo, na huduma iliyozinduliwa Kenya Machi 2007 ikasimama juu ya tendo moja kuu, yaani kutuma fedha nyumbani.

Uamuzi huo ndio uliokipa kiolesura umbo lake. Kwa kuwa simu nyingi za wakati huo zilikuwa na skrini ndogo na vitufe vya namba, menyu iliwekwa ndani ya laini yenyewe. Mtumaji aliandika namba ya mpokeaji, kiasi cha fedha na namba ya siri, akaonyeshwa alichokiandika ili akihakiki, na muamala ulipokamilika, yeye na mpokeaji wote walipata ujumbe mfupi wa kuthibitisha.

Hatua hizo zinaafikiana na kanuni ambazo Jakob Nielsen na Rolf Molich walizichapisha mwaka 1990 kwa ajili ya kukagua violesura, zikiwamo zile zinazotaka mfumo umjulishe mtumiaji kinachoendelea, uzungumze lugha anayoielewa, na uzuie kosa kabla halijatokea. Hata hivyo, kwa kanuni ya mwisho M-Pesa ilikuwa na upungufu, kwa sababu aliyekosea tarakimu moja ya namba ya simu aliweza kumtumia fedha mtu asiyemjua. Baadaye Safaricom iliongeza huduma ya Hakikisha, inayoonyesha jina la mpokeaji wakati mtumaji bado ana nafasi ya kusitisha. Kwa hiyo usanifu hauishii siku ya uzinduzi.

Kazi ya namna hii huhitaji ujuzi wa aina nyingi. Yuko mtafiti, anayewatazama watu wakitumia huduma na kuwauliza maswali. Yuko msanifu, anayepanga hatua na sura ya skrini. Yuko mwandishi, anayehakikisha kwamba kila neno linaeleweka. Na yuko mtayarishaji wa programu, anayejua kinachowezekana. Wa kuongezwa ni mhudumu wa wateja, ambaye husahauliwa mara nyingi ingawa yeye ndiye anayepokea malalamiko kila siku na kujua hatua ipi inawakwamisha watu.

Kuwakusanya wataalamu hao hakutoshi pasipo utaratibu wa kuikosoa kazi bila kumshambulia aliyeifanya. Katika timu bora mchoro huonyeshwa ungali mbichi, mabishano kuhusu kitufe au neno huamuliwa kwa kuwatazama watumiaji badala ya kuangalia cheo cha msemaji, na jaribio dogo la watu watano hivi, likirudiwa baada ya kila marekebisho, huheshimiwa kuliko jaribio moja kubwa linalofanywa wakati fedha zimekwisha. Kiongozi wa timu hiyo huwaita wasanifu tangu tatizo linapojadiliwa, kwa kuwa msanifu anayeletewa programu iliyokwisha kuandikwa hubaki na kazi ya kuipaka rangi tu.

Taasisi za umma, benki na kampuni za Afrika Mashariki zinazohamishia huduma zao kwenye simu zina wajibu wa kuwaketisha wasanifu wao pamoja na mkulima, mama ntilie na mzee anayesoma kwa taabu, kabla mstari wa kwanza wa programu haujaandikwa. Mwananchi anapokwama kwenye skrini, wa kwanza kuulizwa awe aliyeisanifu.