Mguu Mmoja, Magurudumu Manne

Kutoka mtaa wa Oud Metha hadi uwanja wa mbio wa Dubai Autodrome ni mwendo wa nusu saa hivi, foleni ikiwa imelegea. Siku za mapumziko safari hiyo hufanywa na watu wa kila namna: mwenye Porsche yake, mwenye BMW ya mtumba aliyoing'oa viti vya nyuma ili iwe nyepesi, na yule aliyechoka kulipa faini za mwendo kasi akaamua kwenda kukata kiu panaporuhusiwa. Gari ni lilelile lililolala usiku chini ya jengo la nyumba za kupanga, na breki ni zilezile. Ila dereva akifika mwisho wa mnyoofu mrefu, kona inamjia kwa kilomita 200 kwa saa, linazuka swali ambalo barabarani hajawahi kujiuliza: kazi ya kusimamisha gari aiachie kompyuta, au autumie ufundi wa mguu wake?

Vijiweni ubishi huu hauishi. Wapo wanaoapa kwamba dereva wa kweli huchomoa fyuzi ya ABS, mfumo wa kompyuta unaozuia magurudumu kuganda, kabla ya kuingia uwanjani. Wapo pia wanaodhani ABS ni breki za nguvu zaidi. Wote wamepotea kidogo.

Nguvu ya kusimamisha gari haimo kwenye breki, imo pale tairi linapogusana na lami. Tairi hushika vizuri zaidi linapozunguka polepole kidogo kuliko mwendo wa gari, kwa asilimia 10 hadi 20 hivi. Likizidishiwa breki, gurudumu huganda, tairi huanza kuburuzwa, na mambo mawili huharibika kwa pamoja: gari huchelewa kusimama, na usukani huwa pambo tu, kwa sababu tairi linaloserereka halina uwezo wa kuligeuza gari.

ABS huzuia hilo. Kila gurudumu lina kihisi kinachopima kasi ya mzunguko wake. Kompyuta ikiona gurudumu moja linapungua kasi ghafla kuliko inavyowezekana kwa gari zima, hupunguza shinikizo la mafuta ya breki kwenye gurudumu hilo peke yake, kisha hulirudisha, na hufanya hivyo mara nyingi katika sekunde moja. Dereva huhisi pedali ikidunda mguuni kama kitu kilichovunjika, na wengi hushituka wakaachia, kosa baya kuliko yote. Dereva stadi wa daladala lisilo na ABS anajua kupampu breki, lakini hata awe fundi wa namna gani, ana mguu mmoja na pedali moja. Hawezi kuilegeza breki ya gurudumu la kushoto mbele lililokanyaga mchanga na kuyabana mengine matatu yaliyo kwenye lami kavu.

Basi mbona mabingwa wa Formula 1 hawaitumii? Waliwahi. Mwaka 1961 dereva Stirling Moss alishinda mbio za Oulton Park, Uingereza, kwa gari la Ferguson P99 lililofungwa mfumo wa Maxaret, uliobuniwa na Dunlop kwa ajili ya magurudumu ya ndege. Mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz wakaleta ABS ya kielektroniki kwenye gari la kuuzwa, na mwaka 1993 Alain Prost akatwaa ubingwa wa Formula 1 kwa Williams iliyokuwa nayo. Msimu uliofuata ikapigwa marufuku, pamoja na vifaa vingine vya kumsaidia dereva. Haikuondolewa kwa kushindwa kazi. Iliondolewa kwa kuifanya kazi hiyo vizuri mno.

Gharama ya mguu kukosea ilionekana Mei 2005 kule Nürburgring, Ujerumani. Kimi Räikkönen, akiongoza mbio za Formula 1, aligandisha tairi la mbele na kulichonga upande mmoja likawa bapa. Tangu hapo kila mzunguko wa gurudumu ulikuwa kipigo, gari likitetemeka hadharani mbele ya kamera, mpaka mzunguko wa mwisho kabisa vyuma vya gurudumu hilo vilipokatika akienda kufunga breki za kona ya kwanza. Fernando Alonso akapita na ushindi. Huyu alikuwa Räikkönen, siyo karani aliyetoka Oud Metha asubuhi kujaribu gari lake.

Magari ya daraja la GT3, yanayogombea mbio za saa 24 za Dubai zilizoanza mwaka 2006, yana ABS, tena yenye kitufe cha kuzungusha ambacho dereva hukitumia kuichagulia ukali kadiri matairi yanavyochakaa. Lakini hakuna anayelala juu yake. Mbinu ni ileile ya mguu mtupu: kukanyaga kwa nguvu mara tu baada ya kuachia mafuta, uzito wa gari ulalie magurudumu ya mbele, kushikilia pale tairi linapokaribia kuganda, halafu kuachia taratibu kadiri usukani unavyokatwa kuingia kona. ABS ikiguswa, iguswe kidogo. Anayekanyaga kama anayeua nyoka, akaiachia kompyuta yote, huingia kona na matairi yaliyokwisha kutumia nguvu zote kwenye kusimama, hayana akiba ya kugeuza.

Kompyuta nayo hudanganyika. Ukifunga breki kwa kishindo huku gurudumu moja limerushwa hewani na ukingo wa kona, gurudumu hilo huganda papo hapo, na baadhi ya mifumo huchukulia kwamba gari liko kwenye barafu. Shinikizo hupunguzwa, pedali hukakamaa kama jiwe, gari likaendelea kuteleza mbele. Dawa ni kuachia nukta moja na kukanyaga upya kwa utulivu, jambo gumu sana ukuta unapokukodolea macho. Kwenye changarawe pia ABS huweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu gurudumu lililoganda hurundika kifusi mbele yake na kifusi hicho husaidia kuzuia. Ndiyo maana Audi Quattro za miaka ya 1980 zilikuwa na swichi ya kuizima.

Hata hivyo, kwa hali ya hewa ya Dubai, adui mkubwa ni joto. Gari la kilo 1,400 likishushwa kutoka kilomita 200 hadi 80 kwa saa, breki humeza nishati inayotosha kuchemsha lita tano za maji ya bomba, katika sekunde zisizofika nne. (Mwezi wa Agosti maji ya bomba ya Dubai yenyewe ni nusu chai.) Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu, huweza kuchemka yakifika nyuzi 155 tu. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hugandamizika, na pedali huzama hadi sakafuni bila breki kushika. Hapo ABS haina la kufanya, maana hakuna shinikizo la kugawa.

Kwa hiyo fyuzi ibaki mahali pake. Kwenye magari mengi ya kisasa, ukiichomoa unaondoa pia mfumo unaogawa breki kati ya mbele na nyuma, na magurudumu ya nyuma yakitangulia kuganda gari huzunguka kama pia. Pesa ya siku ya uwanjani iende kwenye mafuta mapya ya breki, fundi ayatoe hewa na apime unene wa padi. Mzunguko wa mwisho uendeshwe polepole ili diski zipoe. Ukiegesha, usivute handbreki, maana padi zenye moto huweza kunata kwenye diski: weka gia, chomeka kabari chini ya tairi, kisha katafute maji ya kunywa.