Nyumbu Hawana Tarehe ya Kuvuka

Kila mwaka, msimu ukikaribia, swali ni lilelile: nyumbu watavuka Mto Mara tarehe ngapi? Wanaliuliza wageni wa mbali, na wanaliuliza hata watu wa Mugumu na Tarime ambao mto wenyewe ni jirani yao. Hakuna tarehe. Anayekuuzia tarehe anakudanganya.

Wengi hudhani nyumbu huvuka mara moja kwenda Kenya, kisha wakarudi. Sivyo. Kati ya Julai na Oktoba makundi hutawanyika kutoka Kogatende na Lamai, kaskazini mwa Serengeti, hadi Maasai Mara upande wa Kenya, na kundi lililovuka leo kwenda kaskazini laweza kurejea kusini baada ya siku chache. Wao hufuata majani mabichi, na majani hufuata mvua. Mvua za huku hunyesha kwa vipande: Lamai hulowa, ng'ambo kukabaki kukavu. Nani ana kalenda ya mawingu hayo? Wala kundi halina kiongozi. Hujazana ukingoni, hushuka, hurudi, pengine kwa saa nyingi, mpaka mmoja ajitose na wengine wamfuate. Mamba akiibuka, simba akinusika, au gari likiwakatia njia, wote hugeuka.

Hapo ndipo uongo wa tarehe unapoleta madhara. Mgeni aliyeahidiwa siku moja humshinikiza dereva, dereva husogeza gari hadi ukingoni, na njia ya kuteremkia huzibwa. Nyumbu hulazimika kurukia kwenye kingo zilizosimama wima, wakavunjika miguu, wakakanyagana na kuzama. Hiyo si bahati mbaya, ni kosa letu.

Unataka picha? Kaa karibu na mto siku tatu au zaidi. Simamisha gari mbali na ukingo, zima injini, usisogee kabla kundi halijaanza kuvuka. Lenzi ya milimita 100 hadi 400 inatosha, ilaze juu ya kifuko cha mchele dirishani. Kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde. Usishuke garini. Usirushe droni bila kibali. Kama una siku moja tu, sahau mto: toka Mugumu, ingia geti la Ikoma, ukatafute simba na chui bonde la Seronera.

Wakala wa safari akikutajia tarehe, tafuta mwingine. Na dereva wako akikataa kusogea ukingoni, mshukuru, maana anaijua kazi yake.