Kamera yangu ni ya 2008 na bado inaniuzia: soma kabla hujakopa kununua mpya

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongee kamera. Hasa wewe unayeuza nguo, vitambaa au viatu mtandaoni na umeshaanza kupiga hesabu ya kununua kamera mpya kwa sababu ya zamani "imechoka".

Mimi nauza vitenge na batiki, nipo Dar. Kamera yangu ni Nikon D90, toleo la 2008. Niliinunua mkononi kwa mzee mmoja mwenye studio Magomeni, pamoja na lenzi ya 50mm aliyoanza nayo enzi za filamu. Raba ya kushikia imeshaachia, nimeibandika kwa gundi ya viatu.

Mwaka jana dada mmoja wa Mwanza aliagiza doti nane za kitenge cha njano, sare ya kamati ya harusi. Kwenye picha niliyomtumia ile njano ilikuwa imekolea, kama embe lililoiva. Mzigo ulipofika akapiga simu: "Dada, hii siyo rangi tuliyochagua. Hii ni ya limau." Na ni kweli, ilikuwa ya limau. Nikarudisha hela yote, na usafirishaji wa basi nikalipa mimi, kwenda na kurudi. Faida ya mwezi mzima ikaishia hapo.

Lawama zote nikaitupia kamera. Nikaomba kikundini mkopo wa 2,400,000 ninunue mpya. Kabla hela haijatoka nikapita kwa mzee kumuuliza ninunue ipi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Inakusumbua nini?"

Nikamweleza. Kamera hata hakuishika. Alinipa karatasi nyeupe, akasema nikaipige picha nyumbani, pale pale ninapopigia vitenge, muda ule ule. Jioni nikaipiga sebuleni. Karatasi ikatoka ya njano! Kumbe shida ni taa yangu yenye mwanga wa njano, na kamera nilikuwa nimeiacha ijikadirie rangi yenyewe. Sikuridhika. Nikaazima kamera mpya ya jirani anayepiga harusi, nikarudia karatasi ile ile, taa ile ile. Ilikuwa afadhali kidogo, lakini bado njano. Yaani ningekopa milioni mbili na ushee halafu tatizo nibaki nalo.

Sasa nafanya hivi. Napiga mchana, karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, na taa zote nimezima, maana mwanga wa taa ukichanganyika na wa dirisha rangi inavurugika upande mmoja. Nabonyeza kitufe cha WB huku nazungusha gurudumu la nyuma mpaka iandike PRE. Naachia, nabonyeza tena na kushikilia mpaka PRE ianze kuwaka na kuzima, halafu napiga karatasi nyeupe ikiwa pale pale kitenge kinapokaa. Hapo kamera imeshajua nyeupe ya chumba kile ni ipi. Kamera nyingi za zamani zina kitu kama hiki, ila vitufe hutofautiana. Mwanga ukibadilika, rudia.

Na ukubwa wa picha usikutishe. D90 ina megapikseli 12.3, na kuna watu watakucheka. Lakini Instagram inaishusha picha ya posti mpaka upana wa pikseli 1080. Saizi ndogo kabisa ya D90 ni 2144 kwa 1424. Mteja anayeangalia kwenye simu hataona tofauti ya megapikseli zako, ataona kama picha imetikisika au rangi imedanganya.

Nilimuuliza mzee kwa nini wapiga picha hawapendi kuachana na kamera zao. Nilidhani ni ubahili. Akafumba macho, akaichukua D90 yangu, akabadilisha mwanga, kasi na fokasi bila kutazama kitufe hata kimoja. Mikono inakumbuka. Bibi harusi hasubiri utafute menyu. Halafu kuna ile tabia ya filamu: mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, kila moja ni hela, kwa hiyo unapanga kwanza ndiyo unabonyeza. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake 1948, alizoea kupiga picha moja tu kwa mteja kwa sababu ya gharama. Mimi nilikuwa napiga hamsini za kitenge kimoja halafu nashinda usiku nachagua.

Sababu nyingine ni lenzi, na hapa ndipo wengi mnaumia. Lenzi yangu ya zamani haina mota ndani, inategemea mota iliyomo kwenye kamera. D90 inayo. Nikinunua Nikon mpya zile za Z, lenzi itafunga kwa adapta ya FTZ lakini fokasi nitazungusha kwa mkono. Kwa hiyo bei uliyoiona dukani ni ya kamera tu, hesabu na lenzi.

Ila mapenzi haya yana hasara zake, na mzee mwenyewe alikiri. Kwenye droo ana Nikon FM2 ya filamu, kaifunga kitambaa, na mpaka leo inapiga hata bila betri. Kwa sababu yake alichelewa kuingia dijitali. Vijana wakambeba kazi za sendofu, kwa kuwa wateja walitaka picha wiki ile ile na yeye bado anasubiri kusafishiwa mkanda.

Mimi pia kuna kazi nimeinyang'anya D90. Inarekodi video, lakini fokasi haijifuati ukiwa unarekodi, na klipu ya HD inaishia dakika tano. Video za vitenge vikipepea napiga kwa simu. Kadi nayo iangalie: kamera za miaka ile zilitengenezwa kwa kadi za mwisho 32GB, usinunue ya 64 ukidhani umepata ofa. Na siku fundi akitaja bei ya kutengeneza inayozidi bei ya kuipata nyingine kama hiyo mkononi, mimi nitaachia.

Mkopo niliufuta. Zile doti nane nilizipiga upya dirishani, rangi ya limau kama ilivyo, zikatoka moja moja kwa karibu miezi miwili. Yule dada wa Mwanza nilimtumia picha mpya pia. Alizifungua, hakujibu.