Usikimbilie mazoezi baada ya kuugua

MSOMAJI, huenda ulipopata nafuu baada ya kuugua korona au homa kali, jambo la kwanza ulilofanya ni kuvaa raba na kwenda kukimbia ili urudishe nguvu. Nia yako ilikuwa njema, lakini haraka hiyo yaweza kukudhuru.

Tujifunze kutoka jiji la Sheffield, Uingereza. Huko kulikuwa na uwanja wa riadha wa Don Valley, uliojengwa kwa michezo ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya dunia ya 1991. Ulifungwa mwaka wa 2013, na mahali pake Chuo Kikuu cha Sheffield Hallam kikajenga kituo cha utafiti wa afya na mazoezi ya viungo, kwa ushirikiano na madaktari na wakuu wa jiji. Kituo kilifunguliwa mwanzoni mwa 2020. Kabla hakijazoeleka, korona ikaingia na watu wakaamriwa wakae nyumbani. Mwaka huo huo wataalamu hao wakaanza kutafuta njia za kuwarudishia nguvu waliougua korona.

Huenda ukauliza, mwalimu wa michezo na mgonjwa wanahusiana vipi? Jibu ni kwamba mtu akilala kitandani siku nyingi misuli hunywea na pumzi hupungua. Kuirudisha kwataka mazoezi yaliyopimwa kama dawa. Yakizidi, ni hatari. Virusi vyaweza kufanya misuli ya moyo ivimbe, na ukijikaza wakati huo mapigo ya moyo yaweza kuvurugika, hata ukafa ghafla.

Basi fanya hivi. Ngoja hadi siku 7 zipite bila dalili yoyote. Kisha kwa wiki mbili tembea polepole, jinyooshe na ufanye kazi nyepesi za nyumbani. Kipimo ni rahisi: uweze kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Ukiona u sawa, ongeza kidogo, ukikaa angalau siku 7 katika kila hatua. Ukiamka kesho yake ukiwa hoi, rudi hatua moja nyuma.

Wako wengine ambao uchovu huwadumu kwa miezi, na kila wakijitahidi huzidiwa. Hao si wavivu, wala wasilazimishwe. Wapumzike kati ya kazi na kazi, nao wamwone daktari.

Ukihisi maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, kizunguzungu au kuzimia, acha mazoezi mara moja na uende hospitali.

Ukishapona kabisa, Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea haraka kwenda kazini kwatosha kuwa mwanzo. Mwenda pole hajikwai.