Pumu ya Watoto: Yale Yanayofunuliwa na Mapacha

Wazazi wengi hutuuliza: ikiwa pumu hurithiwa, kuna faida gani kugharamia dawa kila mwezi? Jibu linahitaji kwanza kueleweka namna urithi huo unavyopimwa.

Mapacha wa kufanana hutokana na yai moja, hivyo vinasaba vyao karibu vyote ni vilevile. Wasiofanana hutokana na mayai mawili, nao hawalingani kwa vinasaba zaidi ya ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Aina zote mbili kwa kawaida hulelewa katika nyumba moja, penye moshi uleule na vumbi lilelile. Basi Kulwa akiwa na pumu, mtafiti huangalia ni mara ngapi Doto naye anayo. Mapacha wa kufanana wakiugua pamoja mara nyingi zaidi kuliko wasiofanana, urithi huhesabiwa kuwa na nguvu.

Nchini Sweden, uchunguzi wa mapacha zaidi ya 25,000 wenye umri wa miaka 9 au 12, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria urithi wa pumu ya utotoni kuwa asilimia 82. Tarakimu hii hupotosha wengi. Haina maana kwamba mtoto wa mwenye pumu ana uwezekano wa asilimia 82 wa kuugua. Inaeleza tofauti baina ya watoto wa jamii ile, katika mazingira yale. Watoto wanapovuta hewa inayokaribiana, mazingira hayawatofautishi sana, na urithi huonekana mkubwa. Mahali ambapo nyumba moja hupikia gesi na ya jirani hupikia kuni, hesabu yaweza kuwa nyingine.

Tena wako mapacha wa kufanana ambao mmoja ana pumu na mwenzake hana. Kwetu sisi, hilo lina uzito kuliko asilimia yoyote, maana kipimo cha vinasaba kingewapa wote wawili majibu yaleyale. Muuzaji akikunadia kipimo cha kubashiri pumu kwa uhakika, usitoe fedha yako.

Dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu hutuliza uvimbe katika njia za hewa, hata kama ugonjwa umo katika ukoo. Mzazi asiikatize bila kauli ya daktari kwa sababu tu mtoto anaonekana mzima. Na asiyeweza kuacha sigara asiivute ndani ya nyumba.